Ngazi ya Tano

Likapa, umefuta tena.
Karatasi imetoboka pale palipoandikwa *mpiganaji*,
vumbi la raba limeingia kwenye vikombe vya uji.
Tuko ghalani, nyuma ya mizani ya chama cha msingi,
ukungu wa Newala umelala juu ya bati,
na wenzako watatu wanangoja useme.

Ngazi nne umezipanda kwa upanga.
Imebaki moja tu upate pigo la pili:
ukishapiga, upige tena
kabla zimwi halijafumba mdomo.
Miezi saba unalisubiri pigo hilo.
Leo unaniambia, Niandikie uganga.

Bi Somoe, mwizi wetu, amesonya.
"Mshika mawili..." ameanza,
Nangumbi akamalizia, wakagonga viganja.

Mimi ndiye mwendesha mchezo.
Kazi yangu ni kutaja bei kabla mtu hajalipa.
Sikiliza basi.

Tano yako haitakuwa tano.
Itakuwa nne na moja,
na nne na moja, kwenye mchezo huu, hazijumlishwi.
Mganga wa ngazi moja ana kiganja cha moto
na dua mbili kwa siku. Hafufui.
Hasemi na wafu.
Upanga wako utabaki ulipouacha,
kama baiskeli iliyoegeshwa ukutani:
haijaharibika, haiendi.

Umahiri wa jumla, huo utakua.
Huo unahesabu miaka yote, popote ulipoishi.
Lakini fani ina wivu,
inahesabu siku ulizolala kwake tu.

Wala usiseme utakuja kufidia.
Pigo la pili la upiganaji
na pigo la pili la uwindaji
hayazai la tatu.
Ni miavuli miwili juu ya kichwa kimoja.

(Nakuonya mimi, ambaye mchana napasua korosho,
natazama kiini, naandika asilimia,
na jioni nanyoa watoto wa Luchingu kwa mia tano.
Wakaguzi niliosoma nao wana ofisi zenye feni.
Vinyozi wenzangu wanachora nyota kisogoni,
mimi najua kipara na denge.
Ila mtoto akilia kwenye kiti changu,
nina korosho mfukoni.)

Likapa, hukubisha.
Umesema tu, ukitazama penseli:
"Mtu wa Hashimu alipokufa kule chini,
nilikuwa nimemshika.
Nguvu kumi na nane.
Sikuwa na pa kuzipeleka."

Hashimu ameacha kutafuna.

Basi nimeandika.

Tukashuka tena pangoni, chini ya Shimo la Mungu,
shimo letu la kila siku, nililoliongezea pango kwa kalamu nyekundu.
Zimwi likatoka.
Ukarusha dadu la pande ishirini,
lile nililolichonga kwenye soli ya kandambili,
linalopenda saba.
Saba.
Upanga ukapita hewani,
na sote, kwa mazoea ya kuota, tukakutazama
kana kwamba kuna mkono mwingine unakuja.
Haukuja.

Zimwi likamgeukia Bi Somoe.
Akaanguka na kisu chake, na mdomo wake wote.

Ukapiga magoti kwenye gunia tupu,
wewe mwenyewe, Likapa, si yule wa kwenye karatasi,
ukarusha dadu dogo.
Tatu.

Uhai wa tatu ni nini?
Si wa kupigana. Si wa kusimama hata.
Ni wa kutambaa hatua kumi
hadi mahali penye giza zaidi,
na mwizi akishafika gizani
yuko nyumbani.

Mlinzi anatikisa funguo mlangoni, anataka kufunga.
Nakusanya karatasi, naikuta yako:
pembeni, kwa herufi za kujificha,
*pigo la pili: ngazi ya sita, inshallah.*
Bi Somoe naye ameisoma, amekaa kimya,
kisha amekumiminia uji uliobaki, na vumbi lake la raba.

Zimwi bado lipo.
Tutalikuta Ijumaa.