Theluji Hukidanganya Kipimo

Ushguli, kabla ya jua.
Mzekala kajifunika shuka jeusi:
mle ndani Shkhara imesimama kichwa chini,
minara ya mawe yaning'inia kama popo.

Kipimo cha mwanga chasema, funga.
Hakijui theluji; kila cheupe hukiita kijivu.
Anakipuuza, anafungua lenzi hatua mbili,
anatundika jiwe kati ya miguu mitatu, upepo usiitikise kamera.

Filamu imebaki moja.
Wingu. Anangoja.
Ng'ombe wa Bimurza anajikokota katikati ya picha.
Anangoja tena. Vidole vimemgoma.

Kisha bega la mlima linashika moto:
anabana pumzi,
moja, mbili,

basi.

Anashuka. Mlima umo gizani mkobani
hadi Jumapili, beseni la dawa litakaposema
kama ni picha
au ni ubishi wake tu na kipimo.