Jani la Nguzo ya Tatu

Ufunguo ninao mimi, Winifred Astell.
Uzito wake kama kilo ya sukari, na mlango wa mwaloni
haukubali kusukumwa: lazima uuinue kidogo
kwa bega, kama unavyomwinua mgonjwa.

Chunga kichwa.
Kizingiti kilikuwa juu kabla makaburi hayajafura;
miaka mia nane ya kuzikana imeipandisha ardhi,
sasa twashuka vidato vitatu kumwendea Mungu.

Kushoto, nguzo nne nene za mviringo,
za watu walioogopa paa lisije likawaangukia;
juu yake matao ya nusu duara, meno ya msumeno
yaliyochongwa kwa shoka.
Kulia, nguzo nyembamba za pembe nane,
na matao yaliyochongoka kama viganja vya mwombaji.
Wageni huuliza: tumbo moja lilizaaje hawa na hawa?
Nami huwapeleka kwenye nguzo ya tatu.

Tazama taji lake. Upande wa mashariki
majani ya mwaloni, mshipa kwa mshipa,
na kiwavi aliyekunja jani moja ili ale kwa siri.
Upande wa magharibi, jiwe tupu,
na mstari uliokwaruzwa wa jani ambalo halikuzaliwa.
Ubaoni kuna orodha ya makasisi:
mwaka ule wa tauni una majina matatu.

Waliofuata walikuwa na haraka zao.
Mmoja aliinua mnara, fedha zikaisha, ukabaki butu.
Wengine waliipaka chokaa Siku ya Hukumu,
ila unyevu ukizidi, shetani mmoja
hutoa kisigino chekundu karibu na dirisha.
Babu wa babu yangu alishika ndoo
kasisi Crouch alipong'oa mabenchi ya kale.
Alilipwa shilingi mbili. Alisema yalikuwa mabenchi mazuri.

Mwezi jana alikuja msanifu majengo, binti mdogo,
na kifaa chenye nukta nyekundu ya kupimia.
Akaniuliza kwa adabu:
"Fundi wa leo anaweza kulimaliza. Niliweke kwenye makadirio?"
Nikamwambia tuanze na paa; risasi yake imeibwa tena,
na ndoo ya upande wa kaskazini imejaa.

Alipoondoka nilipanda kiti.
Ncha ya kidole gumba changu huingia barabara
katika shimo la tindo la mwisho.
Mna vumbi humo. Nalifuta kila Jumamosi;
Jumamosi ya pili nalikuta.