Bandi

Jumanne ile kazi yangu ilikuwa kuwa mashine.
Dobrochna aliniketisha mezani, akanionya:
mashine haitabasamu, haiombi radhi,
hainyooshi kidole kumwonyesha mtu njia.
Ukiguswa, jibu kwa karatasi.

Nje, Łódź ilikuwa na theluji chafu ya Februari,
tramu zikikwaruza reli mbele ya kiwanda cha zamani cha nyuzi
ambamo sisi sasa tunasanifu violesura.
Mbele yangu, kadi kumi na nne za penseli,
vitufe vilivyokatwa kwa mkasi, mistari iliyopinda,
na duara la chai juu ya neno NAULI.

Akaingia Bi Ludgarda Wrona, mshonaji mstaafu,
miaka sabini na sita, miwani kwenye uzi,
mbwa mdogo ndani ya koti kama siri.
"Hii ndiyo mashine ya tiketi?" akacheka.
"Mbona inapumua?"

Akagusa MZEE. Nikaondoa kadi, nikaweka kadi.
Akagusa SAFARI MOJA. Nikaondoa, nikaweka.
Kisha kidole kikasimama hewani,
kikazunguka kama nzi asiyejua pa kutua.
"Na huyu je?" Mbwa akatoa pua.
Mashine haikuwa na jibu. Mashine ilijikuna sikio.
Hakungoja. Alichukua penseli yangu
akamchora mbwa wake pembeni, miguu mitatu,
wa nne haukupata nafasi.
"Hapa. Na hilo neno BATILISHA lifuteni,
linanitisha kama barua ya mahakama."
Tukafuta. Kifutio kikaacha vumbi,
naye akalipuliza kama mtu aliye kwake.

Ni yeye aliyeniambia, akivaa glavu,
kwamba nguo kwanza hupigwa bandi:
nyuzi ndefu, legelege, za rangi isiyofanana na kitambaa,
ili jicho lizione na mkono uzing'oe bila huruma.
"Ukikimbilia cherehani," alisema,
"utaitetea nguo, utausahau mwili."

Machi tulimwonyesha viboksi vya kijivu kwenye kompyuta.
Aliuliza maswali mawili.

Mei tulikuwa na kioo chenyewe:
samawati iliyobishaniwa wiki mbili,
kivuli chini ya kila kitufe,
mlio kama kijiko kikigonga glasi.
Mimi sikuwa mashine tena. Nilisimama ukutani na daftari,
mikono haina kazi.
Bi Ludgarda alivaa hereni siku hiyo.
Aligusa taratibu, kama mgeni
anayeogopa kuacha alama za vidole.
Kidole kikasimama hewani
(sekunde tisa, niliandika)
kisha akanunua tiketi mbili za wazee.
"Nzuri," akasema. "Nzuri sana, wanangu."
Akafunga kifungo cha juu cha koti la mvua,
na pua ikazama ndani.

Mbwa tulikuwa tumemwondoa Aprili.
Vitufe saba havikupangika; sita vilikaa sawasawa.
Nilikuwepo kikaoni. Nilinyoosha mkono pamoja na wengine.
Na yeye, aliyetuamuru tufute neno zima,
leo alilipia kiti cha mzee mwenye mkia
asituharibie samawati yetu.
Nani atamwambia fundi afumue
nguo iliyokwisha pigwa pasi?

Usiku nilibaki. Nilitafuta ile kadi kwenye sanduku la takataka za kuchakatwa,
sikuipata. Nikakata nyingine,
nikachora mbwa, nikajaribu kumpa miguu minne,
nikaufuta mmoja.
Nikambandika kwa utepe katikati ya kioo kinachong'aa,
amepinda, anafunika nusu ya NAULI.

Dobrochna alifika saa mbili asubuhi.
Alimtazama. Akaukuna utepe kwa ukucha,
akauacha.
Kisha akavuta droo, akatoa mkasi,
na bila kunigeukia akasema:
"Kaa. Uwe mashine."