Yadi ya Shaba

Duka la Sood, Mtaa wa Biashara,
lilipimwa Jumamosi kwa yadi yake lenyewe,
ile ya shaba, iliyolika ncha
kwa miaka arobaini ya vitenge na marekani.

Seremala alisahau futi yake.
"Mpe ile," mzee akasema, asitazame.

Mutheu akapiga magoti
pale alipozoea kusimama,
akaipima sakafu kama jora:
yadi mbili, chaki. Yadi mbili, chaki.
Vibanda kumi na vinne.
Simu, wigi, viatu,
na mpangaji mmoja hajasema bado atauza nini.

Simu ya mezani ikalia. Nduguye, Delhi,
naye ana duka nyuma ya nguzo nyeupe,
pale barabara inapozunguka ikarudi ilikotoka.
"Yadi huko siku hizi bei gani?"
Mzee akanyamaza. Akacheka kidogo:
"Ya kitambaa, au ya sakafu?"

Jioni Mutheu alitoka na ile yadi
ameifunga kwa gazeti.
Penye kona ya benki, askari wa kanjo
akamsimamisha: "Umebeba nini?"

Akafikiri.
"Duka," akasema.