Sauti ya Tatu

Muuzaji anaitwa Tanel, ana subira ya daktari wa meno.
Chumba kina ukubwa gani, mama?
Hatua saba kwa tano, namwambia, ghorofa ya nne,
na ukuta mwembamba hivi kwamba jirani yangu Tiiu
akipiga chafya, mimi ndiye ninayejifuta.
Rafu ni ya msonobari, imepinda katikati
kwa uzito wa kamusi ambazo Ülo hazifungui.
Basi usichukue kubwa, anasema.

Lakini Ülo ameniagiza kubwa.
Ameandika kwenye kikaratasi, kwa herufi za mhandisi wa reli:
BESI. Amepigia mstari mara mbili.
Mume wangu anaamini muziki hupimwa kwa kilo.

Jozi ya kwanza ni nyeusi, inang'aa kama viatu vya mazishi.
Amplifaya imo humo humo, Tanel ananieleza;
moja ndiyo yenye plagi, mwenzake anafuata kwa waya.
Kama ndoa, nasema.
Hacheki. Labda hajaoa.

Natoa santuri yangu mfukoni, imenusa mkate mweusi.
Kwaya ya posta ya Tartu, mwaka sabini na nane,
ukumbi wa baridi, maikrofoni mbili zikining'inia kama popo.
Wimbo wa tatu, kabla ya ubeti wa mwisho,
pana kimya cha pumzi mbili,
na ndani ya kimya, kikohozi.

Changu. Ndivyo alivyosema kiongozi wetu Heldur
mbele ya watu arobaini na wawili:
wewe, Maimu, sauti ya pili, mwisho kulia!
Na kweli nilikuwa na mafua. Leso ilikuwa mkononi.
Ushahidi gani tena?
Nyumbani tulikuwa na spika moja tu, ya jikoni;
kwaya nzima ilitoka katika tundu lile
kama dagaa koponi, nani ajue kichwa cha nani.

Zile nyeusi zinaunguruma, zinameza.
Kikohozi ni kabati linalofungwa chumba cha pili.
Jozi nyingine, ya bei ya firiji, inawaimbisha wasichana kwa meno.
Kisha ndogo, rangi ya uji, vumbi juu,
kona moja imechubuka. Za maonyesho, anasema kwa haya, nitakupunguzia.
Anaziinua kimo cha masikio, anazigeuza ndani kidogo,
ananisogeza mimi na kiti changu.
Anashusha sindano.

Ukuta wa duka ukaondoka.
Nikawaona wamesimama, nikahesabu mabega.
Kimya. Pumzi moja.
Kikohozi —
kushoto.

Rudia, nikasema. Akarudia. Rudia.
Kijana, umechomeka nyaya sawasawa?
Nyekundu kwa nyekundu, akasema; akazibadili, aniridhishe.
Kikohozi kikahamia kulia, lakini na piano ikakifuata,
na piano ilikuwa kushoto. Koti langu lilikuwa juu yake.

Kushoto walisimama sauti ya tatu, wanaume sita.
Mmoja wao mrefu, shingo ya korongo,
ndiye aliyenifuata ngazini usiku ule nikilia,
akanipa pipi ya koo kutoka mfukoni mwake.
Pole, akaniambia.
Niliolewa kwa pipi ile.
Sikuwahi kujiuliza alikuwa nayo ya nini.

Nikalipa. Nikazipakata ndani ya basi, moja kila goti.
Kamusi nimezishusha sakafuni.
Ülo ameketi pale nilipomwambia aketi,
pembe ya tatu, soksi juu ya zulia.
Wimbo wa tatu. Kimya. Pumzi moja.
Anatazama dirisha, barafu ya Machi inadondoka pale.

Besi haitoshi, anasema baada ya muda.
Haitoshi, namjibu. Lakini kushoto kunasikika vizuri.

Naona mkono wake
ukitafuta kitu mfukoni.