Juu, Kushoto

Wanaiita uhalisia pepe.
Mimi neno pepe nalijua kwa ungo:
ule mtama usio na kiini
unaoondoka na upepo mama akipepeta
nyuma ya nyumba, upande wa Vurra,
na kuku hata hawaukimbilii.

Kwa hiyo miwani ilipofika chuoni kwetu Arua,
minane kwa wanafunzi arobaini na watatu,
imelazwa kwenye sifongo kama mayai,
niliipokea kwa mkono mmoja.
Tukaifungia kabatini na mdoli wetu wa plastiki,
yule aliyezaa mara elfu
na shingo yake tunaishikilia kwa plasta.

Ndani ya miwani kuna wodi.
Safi kuliko wodi yoyote niliyowahi kupiga deki.
Dirishani mti usiopukutika,
ukutani saa inayokwenda,
na kitandani Mgonjwa Nambari Nne:
mtoto ametoka, kondo la nyuma limetoka,
damu haikomi.
Kanda tumbo. Ita msaada. Choma sindano. Kanda.

Candiru alimuua mara sita.
Nasema alimuua; kompyuta husema
jaribio halikufaulu.
Kila mara uso wa mama ulififia
kama kitenge kilichosahauliwa juani,
kisha juu, kushoto, kikawaka kitufe cha kijani:
ANZA UPYA.
Akakigusa hewani kwa kidole,
na mama akafufuka, akauliza kwa sauti ileile
kama mtoto ni wa kiume au wa kike,
na jibu lilikuwa lilelile: wa kiume.

Nilikaa kwenye benchi nikimtazama msichana
akikanda hewa.
Wenzake walicheka. Mimi sikuweza.
Nilikuwa na umri wake
nilipomkanda mwanamke katika kituo kando ya Nile,
chemli inatoa moshi,
gari la wagonjwa limekwama ng'ambo.
Jina lake silitaji. Watoto wake wapo, wakubwa sasa,
mmoja huniuzia mkaa.
Nilijifunza kwake.
Sentensi hiyo naiogopa hata leo: nilijifunza kwake.

Jumanne moja umeme ukakatika.
Jenereta haikuwa na mafuta,
na mwenye funguo za stoo alikuwa semina, Kampala.
Saba wakavua miwani wakinung'unika.
Candiru hakuvua.
Ndani ya giza lile, giza juu ya giza,
wodi imezimika, mama hayupo, kitufe hakipo,
kiganja chake kiliendelea kuzunguka,
na alikuwa anahesabu kwa Kilugbara,
si kwa lugha tuliyomfundishia.
Nikasikia kitu kama punje
kikigonga ungo.

Mwezi wa tatu tukaingia wodini, hospitali yenyewe.
Kitanda cha nne kilikuwa sakafu.
Mama huyu alikuwa na jasho, na wifi mkali,
na kucha zilizozama katika mkono wa Candiru.
Damu ilikuwa na joto.
Hilo hatukuwa tumemwambia.

Nikaona macho yake yakimtoka mama,
yakipanda ukuta, polepole,
hadi pembeni, juu, kushoto.
Palikuwa na doa la mvua kwenye dari
na mjusi ametulia.

Ningeweza kusema kitu. Mkufunzi analipwa kwa kusema kitu.
Nilihesabu: moja. Mbili.
Macho yakashuka.
Ndipo nikagundua kwamba mikono
muda wote ule haikuwa imesimama.

Tumbo likakaza chini ya kiganja, gumu kama ndimu.
Wifi akakaa chini. Mtu akafungua dirisha.
Kisha mama akauliza, kwa sauti iliyochakaa,
mtoto ni wa kiume au wa kike,
na Candiru, aliyeulizwa hivyo mara ngapi sijui,
akafungua mdomo, akaufunga.
Ilibidi ageuke atazame.