Hesabu ya Mangamba

Mkataba unasema: usiandike ukutani.
Somoe ameandika, kwa mkaa, nyuma ya mlango,
pale ambapo mlango ukiwa wazi hufunika.

Chikongola, chumba kimoja, paa linavuja: arobaini elfu.
Hapa Mangamba, viwili, bati jipya, choo ndani: ishirini na tano.
Hapo akapiga mstari, akacheka peke yake.

Chini ya mstari, wiki ya pili, mwandiko umeinama:
kwenda Ligula kwa miguu, bure,
viatu visihesabiwe.
Kurudi, zamu ikiisha usiku, pikipiki, elfu mbili.
Mara ishirini na sita.

Rahisi huvunja upishi, mama yake alizoea kusema.
Upishi wenyewe siku hizi
ni mara moja, jioni, na mboga ya jana.

Jumanne akaja Bwana Nangumbi wa Halmashauri, kukagua kuta.
Akagonga saruji, akasifu rangi,
akafunga mlango ili ajaribu kitasa.

Somoe alishakamata kitambaa.
"Acha kwanza."
Akapitia tarakimu moja moja, midomo ikichezacheza,
akarudia kujumlisha,
kisha akachomoa kalamu ya mfukoni
na kuongeza pembeni, kwa mwandiko safi wa ofisini:
siku za mvua, elfu tatu.

Kwenye fomu akaandika: kuta ni safi.

Nje pikipiki yake ilikuwa bado inanguruma,
imelipiwa kwenda na kurudi,
kwa risiti.